Maswali na Majibu ya Karakana: Kerezo Linapokataa Kupunguza Kasi

Barua tulizochagua mwezi huu zote zinahusu kasi ya mashine za useremala zinazotumika nyumbani. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa tatizo lake huwafanya watu wengi wanunue kifaa ghali ambacho hakikuwa kibovu.

*Ndugu Fundi, nina kerezo la mbao la mezani ambalo kasi yake hubadilishwa kwa kuzungusha kitufe. Kwa muda kitufe hicho kilikuwa na matatizo: nikikizungusha kidogo mashine ilishtuka, ikatulia, kisha ikashtuka tena. Sasa nikiwasha, mashine inapanda taratibu hadi kasi ya juu kabisa na kubaki hapo, hata kitufe kikiwa kwenye sifuri. Kioo cha namba kinaonyesha mizunguko 3,200 kwa dakika, na kwa jinsi inavyovuma naamini namba hiyo ni ya kweli. Niliyemwomba ushauri amesema bodi ya umeme imekufa, ninunue nyingine. Je, ni lazima?*
*— Mkerezaji wa jioni*

Ndugu msomaji, si lazima, na kwa dalili ulizozieleza ningeweka bodi mwishoni mwa orodha ya washukiwa. Hata hivyo, kabla ya uchunguzi wowote, usifunge tena kipande cha mbao kwenye mashine hiyo mpaka itakapotii kitufe. Wakerezaji wana kanuni ya zamani kwamba kipenyo cha kazi kwa inchi kikizidishwa kwa mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 12, yaani takriban sentimita 30, linastahili mizunguko 500 hadi 750. Likizungushwa mara 3,200 kwa dakika, ukingo wake husafiri kwa mita 50 kila sekunde, na mbao yenye ufa mdogo haiwezi kuvumilia hali hiyo.

Sasa tuangalie kitufe chenyewe. Kitufe hakipitishi umeme unaoendesha mota. Kinapeleka ombi tu. Nyuma yake kuna potenshiomita, kifaa kidogo chenye miguu mitatu. Mguu mmoja wa pembeni hupokea volti ndogo isiyobadilika kutoka kwenye bodi, mguu wa pembeni wa pili umeunganishwa na upande wa sifuri, na mguu wa kati hutembea juu ya njia ya kaboni iliyo baina ya miguu hiyo miwili na kuchukua sehemu ya volti kulingana na mahali uliposimama. Bodi husoma volti ya mguu wa kati na kuipa mota umeme unaolingana nayo. Hapo ndipo penye ufunguo wa swali lako. Ikiwa mguu wa upande wa sifuri umekatika, au waya wake umechomoka, mguu wa kati hauna tena pa kushukia; volti yake hupanda hadi kiwango cha juu popote kitufe kilipo, na bodi iliyo nzima kabisa hutii amri ya kwenda kasi yote. Ukikatika mguu wa upande wa juu, matokeo huwa kinyume chake, yaani mashine haizunguki kabisa ingawa taa zake zinawaka.

Barua yako ina vidokezo viwili ambavyo ni vya thamani kuliko ulivyodhani. Cha kwanza ni kwamba tatizo lilianza kwa kurukaruka, na hiyo ni dalili ya njia ya kaboni iliyochakaa au iliyojaa vumbi la mbao. Cha pili ni kwamba mashine inapanda taratibu. Kupanda taratibu ni kazi ya bodi, na hufanyika baada ya amri ya kitufe kusomwa. Kama transista kubwa ya bodi, yaani kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye mota, ingekuwa imeungua na kujiunganisha yenyewe, jambo ambalo kwa kweli hutokea, mota ingepokea umeme wote kwa mpigo mmoja; ingeanza kwa kishindo, fyuzi huenda ingekatika, na katika baadhi ya mashine mota ingeanza kuzunguka mara tu plagi inapochomekwa, kabla hujagusa swichi. Hukuona hata kimoja kati ya hivyo.

Ipo sababu ya tatu ambayo namba kwenye kioo chako inatusaidia kuiondoa. Makerezo mengi yana sumaku ndogo kwenye mhimili na kihisi kinachozihesabu zinapopita. Katika baadhi ya mashine hesabu hiyo ni ya kuonyeshwa tu, lakini katika nyingine bodi huitumia kujua kama mota imefikia kasi iliyoombwa. Sumaku ikidondoka, au kihisi kikisogea mbali, bodi ya aina hiyo huamini kwamba mota imesimama, nayo huiongezea umeme bila kikomo au huzima mashine na kuonyesha alama ya hitilafu. Kwako kioo kinaonyesha kasi ya kweli, kwa hiyo kihisi kinafanya kazi.

Kinachofuata ni kupima. Chomoa plagi kutoka ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Ndani ya bodi nyingi kuna kapasita kubwa ambazo hubaki na umeme baada ya mashine kuzimwa, na umeme wa volti 230 ukinyooshwa na kuhifadhiwa humo hufikia takriban volti 325. Subiri dakika zisizopungua kumi, kisha weka mita yako kwenye volti za umeme mnyoofu (DC) na uhakikishe kwamba kapasita hizo zimeisha nguvu kabla ya kuingiza kidole popote. Wengi husahau pia kwamba katika bodi nyingi za aina hii upande unaoitwa sifuri haujatenganishwa na umeme wa ukutani. Maana yake ni kwamba miguu ya potenshiomita, licha ya kubeba volti chache baina yao, inaweza kumuua mtu anayeigusa mashine ikiwa imechomekwa. Kwa sababu hiyo vipimo vyote ninavyovieleza hapa ni vya mashine iliyochomolewa.

Tafuta waya tatu zinazotoka kwenye potenshiomita na uchomoe kiunganishi chake kwenye bodi. Ukipima kikiwa bado kimechomekwa, bodi itaingilia kipimo chako. Piga picha ya mpangilio wa waya kwanza. Weka mita kwenye kipimo cha omu na upime miguu miwili ya pembeni. Unapaswa kupata thamani iliyo karibu na ile iliyoandikwa kwenye kifaa, ambayo mara nyingi huwa omu 5,000 au 10,000, na thamani hiyo haitakiwi kubadilika unapozungusha kitufe. Kisha pima mguu wa kati na mmoja wa pembeni huku ukizungusha polepole mwanzo hadi mwisho. Thamani ipande kutoka karibu na sifuri hadi kiwango chote bila kuruka. Ikitoweka mahali fulani na kurudi, njia ya kaboni imekufa hapo. Rudia kwa mguu wa tatu, kisha pima tena ukiwa umeweka ncha za mita kwenye kiunganishi badala ya kwenye miguu, ili waya nazo zipimwe. Tikisa waya wakati wa kupima. Mtetemo wa kerezo hukata waya pale pale zilipochomelewa kwa lehemu, na mara nyingi mpira wa nje hubaki mzima ukificha shaba iliyokatika ndani. Kama waya ndiyo iliyokatika, matengenezo yako yamekwisha kwa tone moja la lehemu.

Ikiwa potenshiomita yenyewe ndiyo mbovu, kuipulizia dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme kunaweza kuirudisha kwa muda, lakini sipendi suluhisho hilo kwenye mashine ambayo ikikosea hukosea kwa kasi ya juu. Nunua nyingine yenye thamani ileile ya omu na yenye mwendo wa mstari ulionyooka. Kwenye nyingi za siku hizi aina hiyo huandikwa herufi B mbele ya namba. Zile za herufi A zimetengenezwa kwa ajili ya sauti za redio, na ukiifunga kwenye kerezo utaona kasi haibadiliki sana kwa nusu ya kwanza ya mzunguko wa kitufe, halafu inapanda ghafla mwishoni. Chagua iliyofunikwa vizuri dhidi ya vumbi, na urudishe kitufe cha plastiki kama kilivyokuwa, kwa kuwa hicho ni sehemu ya kinga yako. Kabla ya kuchomeka plagi, linganisha waya na picha uliyopiga: ukibadilishana waya mbili za pembeni, sifuri itakuwa kasi yote na kasi yote itakuwa sifuri.

Na kama potenshiomita, waya na kiunganishi vyote ni vizima? Hapo ndipo bodi inaposhukiwa kwa haki. Mita ikiwekwa kwenye alama ya dayodi itaonyesha transista iliyoungua kwa kusoma karibu na sifuri baina ya miguu yake mikuu, pande zote mbili. Lakini ninakuomba usifunge bodi mpya kabla ya kuikagua mota, kwa sababu bodi hufa peke yake mara chache sana. Kama mota yako ni ya umeme mnyoofu, toa kaboni zake mbili, yaani vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, uziangalie. Zikiwa zimebaki chini ya theluthi moja ya urefu wake wa awali, au zimefikia mstari wa alama, au zimeng’oka kipande, zibadilishe zote mbili kwa pamoja. Sehemu ya shaba zinapokanyaga iwe na rangi ya kahawia iliyoenea sawasawa. Mabaka meusi yaliyoungua ni ishara ya cheche kubwa, na cheche hizo ndizo huiua transista. Ondoa pia unga wa kaboni uliojikusanya ndani ya mota, kwani unapitisha umeme na unaweza kuufikisha kwenye chuma cha nje. Bodi mpya iliyofungwa kwenye mota ya namna hiyo itakufa kama iliyotangulia.

*Ndugu Fundi, kerezo langu hufanya kazi vizuri kwenye vitu vyembamba, lakini nikikereza bakuli kubwa kwa mizunguko 500 patasi ikigusa tu mashine inazubaa na wakati mwingine inasimama. Nimefungua kisanduku nikaona bodi yenye skrubu ndogo nne zilizoandikwa MIN, MAX, IR na CL. Nizungushe ipi ili nipate nguvu?*
*— Mpenda mabakuli*

Ndugu msomaji, kwa sasa usizungushe hata moja. Tazama kwanza mkanda wako uko kwenye puli zipi. Nguvu ya mota ni zao la msukumo wake wa kuzungusha na kasi yake, na msukumo huo una kikomo kinachowekwa na kiasi cha umeme ambacho waya zake zinaweza kuvumilia. Kwa hiyo mota ya nguvu farasi 1 inayopunguzwa kwa kitufe hadi robo ya kasi yake inatoa takriban robo ya nguvu farasi, hata kama kila kitu ndani yake ni kizima. Ukihamishia mkanda kwenye puli za kasi ndogo, mota itazunguka haraka huku mhimili ukienda polepole, na msukumo unaofika kwenye bakuli utaongezeka kwa kadiri ya uwiano wa puli. Kuna faida nyingine. Feni inayopoza mota nyingi imefungwa kwenye mhimili wa mota hiyohiyo, na mota inayozungushwa polepole huku imebeba mzigo mzito hukosa upepo wakati ambao joto lake ni kubwa kuliko wakati wote. Watu wengi huacha mkanda kwenye puli za kasi kubwa mwaka mzima kwa kuwa kitufe kinawatosha, kisha hulaumu bodi.

Mkanda ukiwa mahali pake na tatizo likabaki, angalia kama unateleza. Weka alama ya chaki kwenye puli na kwenye mkanda mashine ikiwa imechomolewa, kisha ushike mhimili na kuzungusha puli ya mota kwa mkono wa pili. Alama zikiachana kabla hujatumia nguvu nyingi, kaza mkanda au ubadilishe. Patasi butu nayo hufanana sana na mota dhaifu, ingawa najua hakuna mkerezaji anayependa kuambiwa hivyo.

Kuhusu skrubu zako: MIN huweka kasi ya chini kabisa kitufe kikiwa sifuri, na MAX ile ya juu kabisa. CL huweka kikomo cha umeme unaoruhusiwa kuingia kwenye mota. Ikiwa chini mno, mashine huzubaa kama ulivyoeleza. Ikiwa juu mno, inaacha mota iungue bila bodi kuingilia kati. IR huifanya bodi iongeze volti kidogo mota inapobanwa na mzigo ili kasi isishuke. Ukiizidisha, kasi huanza kupanda na kushuka yenyewe kwa mawimbi hata bila mbao, na wenye mashine inayoyumba namna hiyo wajue kwamba huenda aliyewatangulia aliigusa skrubu hii. Kama baada ya yote ni lazima uguse, chora kwanza alama ya mahali kila skrubu iliposimama, kisha sogeza IR kidogo sana huku mashine ikiwa imechomolewa, rudisha kifuniko, washa na ujaribu. Usiiguse CL isipokuwa una mita inayoweza kupima ampea za mota na unajua kiwango kilichoandikwa kwenye kibati chake.

*Ndugu Fundi, mashine yangu ya kutobolea ya mezani ina kasi tano za puli na nimechoka kuhamisha mkanda. Je, naweza kuunganisha kifaa cha kupunguzia mwanga wa taa ili nibadilishe kasi kwa kitufe?*
*— Asiye na subira*

Ndugu msomaji, hapana. Mota ya mashine yako kwa kawaida haina kaboni, na kasi yake huamuliwa na masafa ya umeme na idadi ya ncha za sumaku zilizosukwa ndani yake. Zidisha masafa kwa 120, kisha gawanya kwa idadi ya ncha. Kwa umeme wa masafa 50 na ncha 4 utapata 1,500, na mota halisi huzunguka pungufu kidogo ya hapo, takriban 1,400 hadi 1,450. Volti haimo katika hesabu hiyo. Kifaa cha taa kinapunguza volti tu, hivyo mota hupoteza msukumo, huvuta umeme mwingi kwa kazi ndogo na kupata joto. Zaidi ya hayo, mota nyingi za fezi moja zina koili ya kuanzishia ambayo swichi ya ndani huikata mota inapokaribia kasi yake. Mota isiyofikia kasi hiyo huiacha koili ikiwa kwenye umeme, na koili hiyo haikutengenezwa kustahimili zaidi ya sekunde chache.

Njia iliyo sahihi ipo, ila ni ya gharama: ni kufunga mota ya fezi tatu na kuiendesha kwa invata inayopokea fezi moja na kutoa fezi tatu zenye masafa yanayobadilika. Ukiichagua njia hiyo, hakikisha mota inaweza kuunganishwa kwa volti ambazo invata inatoa, na usiweke swichi ya kuzimia kati ya invata na mota. Amri za kuwasha na kuzima zipitie kwenye invata yenyewe. La sivyo, endelea kuhamisha mkanda. Ni kazi ya chini ya dakika moja, na puli hukupa kasi ndogo yenye msukumo mkubwa, jambo linalofaa zaidi kwa keekee nene.

*Ndugu Fundi, tangu nisafishe kichwa cha kerezo langu kioo kinaonyesha nusu ya kasi niliyozoea, ingawa mashine inazunguka kama zamani. Nimebadilisha kihisi bila mafanikio.*
*— Mwenye kioo kigeugeu*

Ndugu msomaji, chomoa plagi, fungua kichwa tena na uhesabu sumaku zilizoko kwenye mhimili au puli. Bila shaka zilikuwa mbili na sasa iko moja; nyingine ilibanduka wakati wa kusafisha na huenda imeng’ang’ania kwenye chuma fulani humo ndani. Kioo hakijui kasi, kinahesabu mapigo na kuyagawa kwa idadi ya sumaku kilizoandaliwa. Ibandike kwa gundi ya epoksi mkabala na ile iliyobaki, uso uleule ukielekea nje kama wa mwenzake, kwani vihisi vingi hujibu upande mmoja tu wa sumaku. Iache gundi ikauke kwa muda wote ulioandikwa kwenye pakiti kabla ya kuwasha, kisha zungusha mhimili kwa mkono uhakikishe kwamba sumaku hazikigusi kihisi.